Naomba ushauri: DVD yenye taito 99 (yaani video 99 ndani yake) inanishinda kwenye Debian 12 (mfumo wa Linux)

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, naomba ushauri kwa waliowahi kukutana na hili. DVD ni halali, ya kanda ya 2 (region, yaani eneo la dunia ambalo DVD imeruhusiwa kuchezwa) kutoka Uingereza, nayo imeanza kuchubuka. Nataka nakala moja kwenye diski ya kompyuta.

Nimeshawasha contrib (hazina ya programu za ziada za Debian), nikaweka libdvd-pkg (kifurushi kinachojenga libdvdcss, maktaba ya kufungua DVD zilizofungwa), kisha nikaendesha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na bila hiyo libdvdcss haijengwi, picha inatoka vipande vipande. VLC, programu ya kuchezea video, inaicheza, ila inachelewa sana kuanza. Draivu imewekwa kanda ya 5, yetu ya Tanzania, kwa hiyo libdvdcss inalazimika kuzitafuta funguo za kufungulia DVD kwa kukokotoa.

Kinachonitesa zaidi ni hiki: lsdvd (amri inayoorodhesha yaliyomo kwenye DVD) inaonyesha taito 99, karibu zote saa 1 na dakika 42. Ni mtego, moja tu ndiyo ya kweli. Nyingine zina sura (vipande vya filamu) zilizovurugwa mpangilio. HandBrake, programu ninayotumia kunakili, ikichagua yenyewe inabeba ya uongo. Je, nikianzia kwenye menyu ndani ya VLC, namba ya taito inayoonekana naweza kuiamini na kuipa HandBrake?

La pili: regionset (programu ya kubadili kanda ya draivu) inasema zimebaki nafasi 4 za kubadili kanda. Hesabu hiyo imo ndani ya draivu, hata ukifuta Debian hairudi. Nibadili, au ninunue draivu ya pili ya USB niiache kanda ya 2 moja kwa moja?