MREJESHO: Nshapata gari, mgongo umetulia

Asalaam aleykum ndugu zangu, mie ndo yule niliyeuliza mwezi uliopita gari gani yuzd (iliyokwishatumika) itamfaa mtu mwenye maumivu ya kiuno, kila siku naendesha Wete mpaka Chake Chake huku Pemba na kurudi. Ahsanteni sana wallahi.

Nimechukua Toyota Raum. Kilichonivutia siti yake iko usawa wa makalio yangu, sizami kama ile gari ya chini niliyokuwa nayo ambayo kushuka tu nilikuwa nashikilia mlango kwa mikono miwili. Yule aliyesema nisinunue kwa kuizunguka dakika tano Mungu amlipe, nilimuomba mwenye gari tukaenda nayo karibu saa nzima na njia ya vumbi tukapita, gari nyengine niliyoipenda kwa macho ilianza kuniumiza kiuno kabla hata hatujarudi nikaiacha.

Siti ya dereva ya hii Raum lakini ilikuwa imebonyea upande wa mlango, ukikaa unainama kidogo, na hicho kidogo ndo kinachouwa kiuno. Fundi makochi kaifungua, katoa sponji la zamani limekuwa unga kabisa, katia jipya gumu. Shokapu za nyuma pia nimebadilisha.

Na pochi sikai nayo tena mfuko wa nyuma. Kupanda natanguliza makalio halafu ndo nageuza miguu yote pamoja, kama alivyonionesha daktari wa mazoezi.

Jana nimefika Chake nikashuka nikaenda zangu kazini, sijasimama kujinyoosha. Alhamdulillah.