Nimeongeza sabufa ya pili, besi imepungua

Muulizaji: Wakuu, naombeni msaada. Nina sabufa (spika ya besi) ya inchi 12, boksi lake lina tundu, nimeizoea miaka. Juzi nikapata nyingine ya inchi 8, boksi limezibwa kabisa. Nimeziweka kulia na kushoto kwa TV nikitegemea kuta zitetemeke. Nikikaa kwenye kochi besi imepwaya. Nikizima ndogo, mdundo unarudi! Shida nini?

Jibu: Zinagombana hizo mkuu. Koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, mawimbi yanauana. Nyuma ya ndogo tafuta swichi ya 0 na 180, ndiyo inayogeuza koni isukume badala ya kuvuta. Piga mlio wa 60 Hz (mitetemo 60 kwa sekunde), wewe kaa kwenye kochi, mtu mwingine aigeuze. Besi inapojaa, acha hapo.

Jibu: Swichi itasaidia nusu tu. Boksi lenye tundu linageuza fezi (mpangilio wa kusukuma na kuvuta hewa) karibu na masafa ambayo tundu lake limetuniwa, boksi lililozibwa haliendi hivyo. Zinaweza kupatana kwenye 60 zikakorofishana kwenye 35. Halafu inchi 8 itaishiwa pumzi mapema, ukiilazimisha imfuate mkubwa utasikia koni inagonga. Kwa kweli mimi ningetafuta pacha wa hiyo ya 12.

Jibu: Kila moja ina amplifaya yake ndani? Kama unaziunga sambamba kwenye amplifaya moja, ya ohmu 4 na ya ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zinakupa kama ohmu 2.7. Amplifaya nyingi haziwezi mzigo huo, na ya ohmu 4 inakula umeme mara mbili ya mwenzake.

Muulizaji: Kila moja ina yake. Nimegeuza swichi, kwenye 60 kioo cha kabati kimeanza kulia chenyewe! Ila kwenye 40 bado pana shimo, besi inapotea.

Jibu: Hamisha ndogo. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kuisogeza kiganja kimoja hakubadilishi kitu. Jaribu nyuma ya kochi, upunguze volyumu yake maana itakuwa karibu na sikio. Ukishahamisha, rudia kupima swichi.

Muulizaji: Nimeihamishia nyuma ya kochi, swichi imerudi kwenye 0, volyumu nimeishusha mpaka siijui sauti inatokea wapi. 40 imejaa. Chini ya hapo bado pamepwaya kidogo, basi naanza kutafuta inchi 12 ya pili. Asanteni sana wakuu.