Bluberi imenifia Kigamboni, sasa nataka mforosadi: nianze na mbegu au ninunue mche?

Baba Wawili wa Kibada
Habari za humu wakuu. Nipo Kigamboni, nina kauwanja nyuma ya nyumba, hatua kama 10 kwa 6, udongo wenyewe mchanga mtupu. Mwaka jana nilinunua mche wa bluberi kwa muuza miche wa barabarani, Sh 35,000, nikahakikishiwa unazaa popote. Nikaulea kama mtoto: maji ya kisima asubuhi na jioni, na majivu ya jikoni kila wiki kama bibi yangu alivyokuwa akifanya kwenye mboga. Majani yakageuka njano, mishipa tu ikabaki kijani. Ukaanza kukauka kutoka ncha. Leo ni kijiti.

Sasa kuna mfanyakazi mwenzangu ana mforosadi kwake, kaniletea kikopo cha forosadi, wanangu wamekipigania. Nimebakiza chache zilizoiva sana nizitoe mbegu. Je, niende na mbegu hizi, au nikanunue mche? Na bluberi nijaribu tena au niachane nayo? Natanguliza shukrani.

kiti_cha_mbele
Ngoja waje wataalamu. Mie nipo hapa na kahawa yangu.

Mzee wa Mlali
Mkuu, si mbegu wala mche. Rudi kwa huyo huyo aliyekupa matunda, mwombe fimbo.

Mforosadi unaota kama muhogo. Chagua tawi lililokomaa, gome limeshakuwa la kahawia, unene wa penseli. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kiwe na macho (sehemu za kuchipulia) matatu au manne. Upande wa chini ukate mshazari chini kidogo ya jicho, juu ukate bapa, ndipo usichanganye kichwa na miguu. Ondoa majani yote. Chomeka kwenye viriba vyenye mchanga na samadi iliyooza vizuri, theluthi mbili ya kijiti iwe ardhini, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu tu, usigeuke jaruba la mpunga. Masika ndiyo haya yanaanza, huna kisingizio.

Mbegu nakukataza kwa sababu yalinikuta. Niliotesha mbegu, mti ukakua ukapita bati la nyumba, kila mwaka unanitolea vishada vya maua vinavyoning'inia kisha vinadondoka. Tunda hata moja sijaliona. Kumbe mforosadi wa mbegu unaweza kuwa dume. Hata ukiwa jike utasubiri miaka, na tunda si lazima lifanane na la mama yake. Fimbo ni mti ule ule uliokula matunda yake.

Mama Nuru
Mzee Mlali shikamoo. Napingana nawe kidogo kwenye mche. Mimi nilinunua mche ukiwa tayari na matunda ndani ya kiriba, nikauhamishia ardhini, haukupita mwaka tunachuma. Kwa mtu mwenye watoto wasio na subira ni pesa halali. Ila nunua mche uliouona na tunda kwa macho yako. Na geuza kiriba uangalie chini: mizizi ikiwa imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo, mche huo umekaa sana, uache hapo hapo.

Mzee wa Mlali
Marahaba binti yangu. Hapo kwenye kuona tunda kwanza sina ubishi.

mtunza_vyungu
Salamu kutoka Limuru huku Kenya, jirani. Acha niongee juu ya bluberi, maana hiyo maiti imekufa kifo ninachokijua.

Bluberi hutaka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) kama 4.5 hadi 5.5. Majivu yanapunguza asidi. Maji ya kisima pia, hasa yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Asidi ikiisha, mmea hauwezi kuchukua madini ya chuma hata kama yamo ndani ya udongo, ndiyo maana ukaona jani la njano lenye mishipa ya kijani. Ulikuwa unaulisha na kuuzuia kula kwa wakati mmoja. Pole.

Tena aina nyingi zinahitaji majuma ya baridi ndipo zitoe maua. Zipo zinazoridhika na baridi kidogo, na Kenya zinalimwa kibiashara, lakini kwa joto la Kigamboni ningekushauri uachane nayo. Ukiwa mkaidi, basi ni chungu kikubwa, udongo wa kununua wenye asidi, maji ya mvua. Hesabu gharama kwanza.

Mlimani Lushoto
Nyongeza tu: stroberi na rasiberi ziacheni kwetu milimani. Watu wanashuka nazo Dar kisha wanalia. Stroberi inatambaza mikono yake yenyewe ikaota mizizi, rasiberi inachipua kutoka mizizini, kwa hiyo huku mbegu hatuhangaiki nazo.

Mama Nuru
Baba Wawili, mforosadi usiupande karibu na karo la choo wala ukuta, mizizi yake haina adabu. Mbali na kamba ya nguo pia. Ndege wakishakula forosadi, shuka nyeupe utazisahau. Doa bichi mimi husugua kwa forosadi changa halafu nafua.

Mzee wa Mlali
Na usiuache urefuke. Mavuno yakiisha pogoa ubaki usawa wa kifua, pukutisha majani yaliyobaki, mwagilia. Matunda huja na machipukizi mapya. Watoto wachume wenyewe, ila wasubiri iive iwe nyeusi (kama ni ya aina ya nyeusi), changa zinasumbua tumbo na ikishachumwa haiivi tena.

Baba Wawili wa Kibada
MREJESHO, wiki ya tatu. Nilichomeka vijiti 10, saba vina majani! Vitatu kimya. Nimeng'oa kimoja chenye majani niangalie mizizi, nimekuta hakuna kitu, kijiti kitupu. Nimefeli?

Mzee wa Mlali
Umefeli kung'oa. Majani ya mwanzo yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti, mizizi inafuata baadaye. Kirudishe, kibonyeze udongo, usikiguse hadi miezi miwili itimie. Vile vitatu kimya vikwaruze gome kwa ukucha, kama ndani bado kijani vipo hai.

Baba Wawili wa Kibada
Nimekwaruza. Viwili kijani. Cha tatu nimegundua ni kile cha bluberi, mtoto alikichomeka kwenye kiriba na vingine.

kiti_cha_mbele
Kahawa imenipalia.