Mjusi mwenye ndevu anaparura kioo kutwa nzima: tupeane uzoefu

Mleta mada, Leicester
Habari zenu wakuu. Mwanangu anafuga mjusi mwenye ndevu, wale wa Australia, dume wa mwaka mmoja na nusu. Wiki ya pili sasa hatulii. Anasimama kwa miguu ya nyuma, tumbo kwenye kioo cha tangi lake, anaparura kwa kucha tangu taa inapowaka hadi inapozimwa. Kula kapunguza. Mimi nimekulia Tanga, mjusi niliyemjua ni wa ukutani, wala hakuna aliyenifundisha kumsoma huyu. Nimeshampenda, inaniuma kumwona hivi. Mliofuga, wa kwenu alihangaikia nini?

Mdau wa Leeds
Pole ndugu. Wangu lilikuwa joto. Kile kipimajoto cha duara cha kubandika kwenye kioo kilikuwa kinasoma 35, nikaridhika. Nilipopata cha kupiga mwanga nikakielekeza kwenye jiwe analootea: 52! Pale panatakiwa nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili 24 hadi 28 ili apate pa kupoa. Tangi letu lilikuwa fupi, joto limejaa kote, hana pa kukimbilia. Nikapandisha taa juu, baadaye tukanunua la futi 4. Siku ya tatu akatulia kwenye gogo lake. Usikisie kwa mkono, pima.

Mdau wa Columbus
Kwetu tuliweka madume wawili jirani, kioo kwa kioo, tukidhani watafanyiana kampani. Kosa kubwa. Hawa huishi kila mmoja kivyake. Mkubwa ndevu zilikuwa nyeusi tii kila asubuhi, anatingisha kichwa, mdogo anapunga mkono kuomba amani. Tuliwatenganisha vyumba na bado mkubwa akawa anapigana na taswira yake kiooni. Karatasi ya kahawia pande tatu za kioo ndiyo iliyommaliza hasira.

Mdau wa Hamburg
Mleta mada, una uhakika ni dume? Nauliza kwa sababu wangu nilimwita Juma miezi kumi na minne.

Alianza hivyo hivyo. Mmeshaona kuku anayetafuta pa kutagia, anaingia hadi uvunguni mwa kitanda? Ndiye yeye. Anakwaruza pembe zote, anachimba karatasi ya sakafuni, chakula hataki. Tumbo likajaa, ukimpapasa unahisi vitu kama gololi. Jike hutaga hata kama hajawahi kukutana na dume, sawa na kuku wa mayai. Nikamjazia beseni mchanga wenye unyevu, ule ukiufinya unashikana, kina sentimita 25. Alichimba kwa muda wa saa nne, akageuka, kichwa kikabaki nje. Mayai 22. Alitoka amekonda hadi nikaogopa. Nikampa maji na nyenje waliopakwa unga wa kalisi, akalala siku mbili.

Mgeuze utazame chini ya shina la mkia. Dume ana vivimbe viwili, kushoto na kulia, katikati bonde. Jike ana kimoja katikati, au hana.

Mdau wa Muscat
Naongezea hapo kwa msisitizo: akichimba asitage, akalegea, macho yakadidimia, usisubiri kesho. Mayai yakikwama yanaua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, wengine huwajua mbwa na paka tu. Wa kwangu nilimchelewesha. Bado namkumbuka.

Mleta mada, Leicester
Nimemtazama na mwanangu, tochi mkononi. Kivimbe kimoja, katikati. Dukani walituambia dume na hatukuwahi kuhakikisha. Gololi nazo zipo, nimezihisi mwenyewe.

Nimetoka kununua mchanga wa kuchezea watoto, nimeulowesha, beseni tumeliziba kwa shuka asituone. Dakika arobaini sasa. Mchanga unarushwa huko ndani, na mwanangu amekaa mlangoni anamzuia kila mtu kupita.