Ushauri: tamthilia ya Kikorea ya maajabu na matakwa, ya kutazama na watoto wa miaka 9 na 13

Rimoti_ya_Sebuleni (mwanzisha uzi)
Wakuu, shikamooni na habari za jioni. Natafuta tamthilia ya Kikorea yenye maajabu na watu kutimiziwa haja za moyo, isiyo na matusi wala mambo ya chumbani. Wa miaka 9 hawezi kukimbizana na sabtaito za Kiingereza, hivyo nitamsomea kwa Kiswahili. Iwe fupi, si episodi 16. Bando ni GB 5 kwa kila kitu. Zimetajwa mbili: The Sound of Magic na Genie, Make a Wish. Ipi?

chai_na_kdrama
Ya kwanza, bila kupepesa macho. Episodi 6 tu, zilitoka zote kwa mpigo Netflix mwezi Mei 2022, kila moja saa moja na ushee. Yoon Ah-yi ni mwanafunzi anayemlea mdogo wake. Baba kakimbia madeni, kodi ya nyumba haijalipwa. Anakutana na Ri Eul (Ji Chang-wook), mwanamazingaombwe anayeishi kwenye bustani ya michezo iliyotelekezwa na kasuku wake Bella. Kuna pia Na Il-deung, kijana wa kushika namba moja darasani ambaye hajui anachokipenda.

Tahadhari moja: ni ya kuimba. Wahusika wanaacha kuongea na kuanza wimbo katikati ya tukio. Asiyeambiwa mapema huzima episodi ya kwanza.

Mzee_wa_Episodi
Genie ya Oktoba 2025 iache kwa sasa. Ni episodi 13, na ingawa ina matakwa matatu na vichekesho vingi, ina mauaji, na mhusika mkuu wa kike hana hisia kabisa. Halafu jini mwenyewe anaitwa Iblis. Kwa nyumba ambayo mtoto ametoka madrasa saa kumi, utaeleza hadi usiku.

Na asije mtu kukupendekezea The Witch's Diner kwa sababu ni fupi (episodi 8). Pale ombi linatimizwa kwa chakula, lakini mlaji analipa kwa kitu chake cha thamani, na malipo mengine yanatisha. Hiyo ni ya wakubwa.

Rimoti_ya_Sebuleni
Asante. Kwa hiyo The Sound of Magic ni safi mwanzo mwisho?

sabtaito_kwanza
Safi, ila si nyepesi. Itazame peke yako kwanza, hasa sehemu tatu:

1. Meneja wa duka anakofanya kazi Ah-yi anamsumbua kwa nia mbaya. Ni mwanzoni mwanzoni. Wa miaka 13 ataelewa, na ni vizuri mkaliongelea. Kwa mdogo, ruka mbele.
2. Kuna msichana aliyepotea, na polisi wanamshuku Ri Eul. Hili linatanda nusu ya pili na linaweza kumnyima mtoto usingizi kuliko jini lolote.
3. Maisha ya zamani ya Ri Eul: mwanafunzi aliyelemewa na masomo hadi akataka kujiua. Hapa usiruke kimyakimya kwa mkubwa, maana bila kipande hiki mwisho haueleweki.

Kuhusu Ah-yi na Ri Eul, hakuna mapenzi. Sabtaito za Kiingereza zinapoteza hili, lakini kwa Kikorea Ri Eul ni "ajussi", yaani kama anko wa mtaani. Ukimsomea mdogo sema "anko", picha inakaa sawa mara moja.

Kiinimacho
Hapo kwenye lugha pana utamu. Kikorea kinatenganisha *masul*, mazingaombwe ya jukwaani, na *mabeop*, uchawi wenyewe. Kiingereza kinayabeba yote kwa neno moja. Ukimwambia mtoto "huyu ni mchawi" umeshaharibu: kwetu mchawi anakuja usiku na ungo. Sema mwanamazingaombwe, kisha mwache ajiulize kama kweli ni mikono myepesi tu. Tamthilia yenyewe haitaki kujibu upesi.

Majina nayo yana mchezo. Ri Eul ni jina la herufi ya Kikorea, ㄹ. "Ai" ni mtoto, na Ah-yi ndiye anayetamani kukua haraka ili aache kuwa maskini. "Na il-deung" ni kama kusema "mimi wa kwanza". Wa miaka 13 atalipenda hilo. "Annarasumanara", jina la Kikorea la tamthilia hii, haina maana ya kamusi, ni maneno ya kutolea muujiza, usihangaike kuyatafsiri.

bando_halitoshi
Mahesabu. Episodi 6 ni kama saa 7. Kwenye programu ya simu, weka matumizi ya data kwenye kubana: GB 1 inachukua kama saa 6, hivyo zote hazifiki GB 1.5. Kwa HD kwenye runinga ni hadi GB 3 kwa saa, yaani GB 5 zako zinakata katikati ya episodi ya pili. Pakua kwa ubora wa kawaida, na zima kujicheza kwa episodi inayofuata.

Ukiitafuta kwenye wasifu wa mtoto usiione, haijaondolewa. Ni kichujio cha umri. Tumia wasifu wako.

Rimoti_ya_Sebuleni
Na nyimbo nazo nizisome zote kwa sauti?

sabtaito_kwanza
Hapana, utakauka koo na utaufunika muziki. Wimbo humu ni mawazo ya mhusika, hadithi haisogei sana. Simamisha kabla, sema sentensi moja ("Il-deung anaona njia aliyochaguliwa ni lami tupu, pembeni kuna maua"), kisha waache wasikilize. Maongezi ndiyo uyasome, na kitufe cha kurudi sekunde 10 kiwe karibu. Chagua sabtaito zisizo na alama ya CC. Zenye CC huandika hata mlango unapofungwa, na mdogo atakuuliza kila mstari.