Nimempelekea usukani mzima, kanirudishia filimbi

Pingili Moja (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Mnamjua. Simtaji, sitaki kesi, lakini mnamjua. Yule fundi wa chini ya mwarobaini, mwenye redio inayoshika stesheni moja, anayekwambia "kaa hapo kwenye tairi, dakika mbili", adhuhuri inapita, alasiri inapita, wewe bado uko kwenye tairi umeota mizizi. Huyo huyo. Leo kanikata. Yaani hakunikata mimi. Bora angenikata mimi, mimi ningepona.

Kakata usukani wangu.

Kwa wasiojua, nina skuta. Siyo pikipiki. Ni ile ya kusimama unapiga mguu, unaruka nayo ngazi, unauzungusha ubao hewani halafu unaudaka kwa miguu. Najizoesha pale Mashujaa, hapa Mtwara, kwenye sakafu. Ilikuja na mtumba, usukani wake wa zamani umelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nimejibana miezi mitano. Chai kavu. Bodaboda nimeisahau, Chuno hadi mjini kwa mguu. Nimesoma mpaka macho yakawa mekundu: usukani wa T au wa Y, chuma au aluminiamu, mwembamba wa milimita 31.8 au mnene wa 34.9. Nikachukua mnene, chuma cha kromoli 4130, wa T, unaonifika mkandani. Nikachukua na foku, ile inayoshika gurudumu la mbele, isiyo na nyuzi shingoni, na klempu ya SCS, yaani kibanio cha kuunganisha usukani na foku.

Hapa nisikilizeni vizuri. SCS inataka usukani USIO NA MKATO, yaani bomba lisilopasuliwa kwa chini. Usukani unakaa juu, shingo ya foku inatokea chini, klempu inavikumbatia vyote viwili. Ndiyo maana nilihangaika kutafuta usio na mkato. Binamu yangu wa Dar akaniagizia kutoka nje, ukapanda basi, kilomita zaidi ya 500, ukafika Mtwara bila hata mchubuko.

Shida yangu ni moja tu: sina spana za L. Nikasema nimpelekee mzee abane bolti. Nikampa shikamoo yake, nikamwachia mzigo, nikatoka mara moja kununua maji. Narudi nasikia krrr, krrr, krrr. Nikajua anakata cha mtu mwingine. Sogea karibu: usukani wangu uko kwenye jiliwa, miguu juu, msumeno wa chuma umeshazama vidole vinne. Nikapiga yowe. Akaniangalia kwa upole, ule upole wa nesi mwenye sindano:

"Mjomba, hawa wa kiwandani walisahau kuweka mkato. Nimekuwekea."

WALISAHAU.

Kiwanda kizima kimelala. Kimepima 34.9, kimepaka rangi, kimefunga na boksi, hakuna aliyekumbuka, mpaka kitu kimefika chini ya mwarobaini.

Bado. Shingo ya foku ni 28.6, usukani wenyewe kwa ndani unakaribia 32, basi ikawa inacheza mle kama ulimi wa kengele. Mnadhani alishtuka? Kachukua kopo la soda, kalikata kwa mkasi, kalizungushia shingoni, juu yake mpira wa tyubu, kagonga kwa nyundo. Klempu yangu kaitupa kwenye debe la chakavu, eti hicho kidude si cha hapa. Halafu elfu tano. Nikamuuliza ya nini. "Ya mkato. Kopo nimekupa bure."

Na watu wote pale wanasikia, ananikabidhi: "Mwanao atafurahi."

Sina mtoto. Nina miaka 24.

Nikifumba macho nasikia krrr, krrr. Walisahau. WALISAHAU!

---

Kiti cha Uvivu

Nimekaa paleee na kahawa.

---

Mama Wawili Ligula

Pole mwanangu. Ila "kopo nimekupa bure" nimecheka hadi mtoto kaamka.

---

Tuta la Nne

Uzi bila picha ni kelele. Tupia usukani tuuone.

---

Pingili Moja

Siwezi kuupiga picha. Nimeufunika na khanga ya bibi. Ukipuliza upepo unalia, naapa. Jana usiku... sorry, siyo jana, ni leo, ona nilivyochanganyikiwa. Upepo wa bahari umeingia kwenye ule mkato ukapiga mluzi, jirani akauliza nani anafundisha brasi bendi.

---

Chuma Mbovu

Ni yule wa mwarobaini wa Chikongola au wa Magomeni? Maana wa Magomeni alinitia breki za baiskeli ya mwanamke kwenye baiskeli ya tela. Akasema breki haina jinsia.

---

Tuta la Nne

Wa Magomeni hana redio. Mwenye redio ni wa njia ya kwenda soko kuu.

---

Kaka wa Mnazi Mmoja

Nyie wa Mtwara mna mafundi wangapi chini ya miarobaini? Huku Lindi wetu yuko chini ya mwembe, naye ni huyo huyo.

---

Pingili Moja

Msinichanganyie. Simtaji. Mnamjua.

---

Spana Kumi na Nne

Mleta uzi, naomba kuuliza kwa heshima. Mimi leo nilikuwepo pale, naziba pancha. Maji ulinunua kweli, lakini ulirudi kabla msumeno haujagusa kitu. Si wewe uliyeshika upande wa pili ili usicheze?

---

Kiti cha Uvivu

Nimesogeza kiti.

---

Mama Wawili Ligula

Eeeh!

---

Pingili Moja

Nilidhani anapima.

---

Spana Kumi na Nne

Kwa msumeno?

---

Pingili Moja

Mzee aliniambia "nishikie hapa mjomba". Mtu mzima akikwambia nishikie hapa, utamuuliza kwa nini? Nilishika. Nikaona anauweka msumeno taratibu, nikasema labda anatia alama. Alama ya kwanza, nikanyamaza. Krrr ya pili ndiyo nikapiga yowe, lakini mikono iliendelea kushika yenyewe. Nina adabu, hilo ndilo kosa langu. Hata hivyo asingekata! Walisahau! Mtu anasemaje walisahau?

---

Tuta la Nne

Kwa hiyo mkato huo mmeukata wawili. Elfu tano mngegawana.

---

Beringi Kavu

Niseme kidogo, naijua hii michezo. Mleta uzi utachukia, ila mzee hajakosea kwa umbali unaoudhani. Kuna mfumo unaitwa HIC. Huo unataka usukani mnene wa 34.9 WENYE mkato. Shingo ya foku inavalishwa bomba jembamba la chuma, wanaliita shimu, usukani unavaa juu ya shimu, klempu inabana mkato. Juu ya shimu kuna kofia na bolti, hiyo ndiyo inayokandamiza beringi zitulie. Kwa hiyo mzee kakutengenezea HIC. Alichokosa ni shimu, kofia, bolti na klempu.

---

Chuma Mbovu

Yaani alichokosa ni HIC.

---

Beringi Kavu

Lakini wazo alikuwa nalo. Kopo la soda ni shimu kwa nia.

---

Pingili Moja

Beringi Kavu, wewe ni shemeji yake?

---

Beringi Kavu

Hapana mkuu, nakusaidia. Una njia mbili. Ya kwanza, tafuta shimu na klempu ya HIC ya usukani mnene, lakini pima kwanza shingo ya foku kama urefu unatosha. Ya pili, kata chote chenye mkato, ubaki na bomba zima, urudi kwenye SCS yako. Utapoteza kimo cha huo mkato. Kama ulikuwa unakufika mkandani, utashuka kidogo, wapo wanaopenda hivyo. Ila ukate unyooke kama rula, ukienda upande klempu haitakaa, na upige tupa kingo zote. Na tafadhali usiruke hata ngazi moja na hilo kopo. Hapo hakuna kinachokandamiza beringi, shingo itakuwa inagongagonga, na siku usukani ukizunguka peke yake wewe ukiwa hewani utashuka na meno.

---

Pingili Moja

Nikaukate tena. Kwa nani?

---

Spana Kumi na Nne

Mzee ana msumeno. Wewe unajua kushika.

---

Mwana wa Tandahimba

Samahani, mimi nimesoma kuanzia juu na sijaelewa kitu kimoja. Watu huku tunawaza korosho, tunahesabu magunia, tunasubiri mnada, mtu ana miaka 24 analilia kigari cha kusukuma na mguu? Shamba lenu lina nani?

---

Pingili Moja

Wewe pulizia dawa mikorosho yako, niachie kigari changu.

---

Mwana wa Tandahimba

Hela ya dawa ndiyo hiyo imenunua kromoli.

---

Mama Wawili Ligula

Afadhali yako wewe umekatiwa bomba. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kitenge, kile kizito, cha kushonea nguo ya harusi ya wifi. Namwambia nataka mkono wa puto. Siku ya harusi asubuhi ananipa gauni lina mkono mmoja. Nauliza wa pili uko wapi? "Kitambaa kiliisha dada, ila huu nimeujaza vizuri." Nilikaa harusi nzima nimemkumbatia mtoto upande wa kushoto. Mtoto mwenyewe si wangu.

---

Kiti cha Uvivu

Huyu apewe uzi wake.

---

Chuma Mbovu

Mkono mmoja wa puto na usukani unaopiga mluzi. Mkiungana mnapata kwaya.

---

Kaka wa Mnazi Mmoja

Kinyozi wangu naye. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa. Akasema subiri utarudi. Ulirudi kesho yake. Nimepanda basi la kwenda Masasi nimevaa kofia ya sweta, jua la saa saba, kondakta ananiuliza kama ninaumwa.

---

Tuta la Nne

Nusu ipi iliyobaki?

---

Kaka wa Mnazi Mmoja

Ya mbele. Kwa mbele nilikuwa mtu, kwa nyuma nilikuwa mtoto mchanga.

---

Pingili Moja

Jamani, turudi kwenye mada. Mtu anauweka usukani wa watu kwenye jiliwa, bila kuuliza, krrr, eti walisahau.

---

Mama Wawili Ligula

Tumekusikia baba. Kaka wa Mnazi Mmoja, ulimlipa?

---

Kaka wa Mnazi Mmoja

Nusu.

---

Mwana wa Tandahimba

Hapo sasa mmeongea. Mimi niko mjini hapa tangu asubuhi, nina njaa, wapi naweza kupata ming'oko ya maana, vile viazi pori vyetu vya kusini? Niliyonunua stendi ilikuwa migumu kama huo usukani wa huyu kijana.

---

Tuta la Nne

Mtu wa Tandahimba anauliza ming'oko Mtwara? Aibu hiyo uibebe mwenyewe.

---

Mwana wa Tandahimba

Nimesahau ya kwetu nyumbani.

---

Chuma Mbovu

Walisahau.

---

Kiti cha Uvivu

Nimeanguka na kiti.

---

Spana Kumi na Nne

Ming'oko mizuri ni ile iliyochemshwa ikaiva mpaka ganda linatoka lenyewe kwa kidole. Unapiga chumvi na pilipili, basi. Wanaoweka sukari wachunguzwe.

---

Mama Wawili Ligula

Mimi naweka sukari.

---

Spana Kumi na Nne

Sasa naelewa ule mkono mmoja.

---

Beringi Kavu

Mleta uzi, hujanijibu. Shingo ya foku yako ina urefu gani? Kuna mtu Dar anaweza kuwa na shimu.

---

Tuta la Nne

Beringi Kavu, achana na shimu, tupo kwenye pilipili. Mbichi au ya kusaga?

---

Beringi Kavu

Ya kusaga, na ndimu.

---

Kaka wa Mnazi Mmoja

Ndimu kwenye ming'oko? Nyie watu wa Mtwara hamna dini.

---

Pingili Moja

Nina njaa na mimi, sijala tangu saa nne. Huyo wa ming'oko mnayemsifia yuko wapi na anakaa mpaka saa ngapi?

---

Spana Kumi na Nne

Mpaka saa mbili usiku. Ukishuka njia ya sokoni, kuna mwarobaini mkubwa. Yeye ana meza upande wa pili wa barabara, anatazamana na redio.

---

Pingili Moja

Basi nalala njaa.