Makumbusho ya Dante: Florence au Ravenna, kama una siku moja tu?

BintiTanga ameandika:
Wana jamvi, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Bologna kwa mafunzo ya kazi, na Jumamosi moja ni yangu mwenyewe. Tangu chuoni, tuliposomeshwa fasihi linganishi, nimekuwa na hamu ya kumfuata Dante Alighieri, mshairi wa Kiitaliano aliyeandika Divina Commedia, hadi kwao. Naona kuna Museo Casa di Dante kule Florence (Firenze kwa Kiitaliano) alikozaliwa mwaka 1265, na Museo Dante kule Ravenna alikofia mwaka 1321. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo naweza, ila nichague mji mmoja. Mliofika, nipeni ulinganisho wa kweli. Sitaki kupigia picha mlango halafu nirudi.

MkaaziWaFirenze:
Karibu Italia, dada. Mimi naishi Florence, na watu wetu wakija huwapeleka pale Via Santa Margherita, kwa hiyo nianze na jambo ambalo wengi hawaambiwi: nyumba ile siyo aliyozaliwa Dante. Ilijengwa upya mwaka 1911 kwa mtindo wa zama zake, mahali palipokuwa na nyumba za ukoo wa Alighieri. Mtaa ni wa kweli, kuta ni za juzi.

Hata hivyo usiidharau. Ni ghorofa tatu, na zinakueleza Dante alikuwa mtu wa namna gani kabla hajawa jina kubwa: alipigana juu ya farasi katika vita vya Campaldino mwaka 1289, akajiandikisha katika chama cha waganga na wauza dawa kwa sababu bila chama hukupata cheo mjini, na mwaka 1300 akawa miongoni mwa wakuu sita wa mji kwa miezi miwili. Mwaka 1302 kundi la wapinzani likashika madaraka, akahukumiwa kuchomwa moto iwapo angekamatwa. Hakurudi tena. Ukitoka pale ukiwa umeelewa siasa hizo, utaelewa kwa nini Jehanamu, sehemu ya kwanza ya Divina Commedia, imejaa watu wa Florence.

Kisha tembea. Kanisa dogo la Santa Margherita de' Cerchi liko hatua chache tu. Ndani ya makumbusho ya Bargello kuna picha yake ukutani, kazi ya mchoraji Giotto na wanafunzi wake, iliyokuwa imefunikwa kwa chokaa hadi ilipofichuliwa mwaka 1840.

NahodhaWaLamu:
Namheshimu ndugu yangu wa Firenze, lakini mimi nasema Ravenna, tena bila kusita. Florence utaona maelezo kuhusu Dante. Ravenna yupo mwenyewe.

Kisa cha mifupa yake peke yake kinatosha nauli. Mwaka 1519 Papa Leo X, mtu wa Medici, ukoo uliotawala Florence, aliwaruhusu watu wa Florence waichukue, na Michelangelo alitia sahihi ombi hilo akiahidi kumchongea kaburi. Wajumbe walipofungua jeneza wakakuta hamna kitu. Watawa Wafransisko walikuwa wametoboa ukuta upande wao na kumwondoa. Mwaka 1677 mtawa Antonio Santi akaiweka mifupa katika kisanduku cha mbao na kukiandika. Wakati wa Napoleon watawa walifukuzwa, wakakificha ukutani, na siri ikapotea. Mwaka 1865 mafundi waliokuwa wakikarabati kwa ajili ya miaka 600 ya kuzaliwa kwake ndipo wakakigonga. Kisanduku hicho utakiona kwa macho yako katika makumbusho, ndani ya majengo ya watawa wale wale.

Kaburi liko jirani, kuingia ni bure. Shairi la Kilatini lililochongwa juu yake linaitaja Florence kuwa mama mwenye upendo mdogo. Na hao hao Florence kila Septemba huleta mafuta ya zeituni ya taa inayowaka pale ndani. Mshairi akifukuzwa kwao, mimi namtembelea kwa waliompokea.

MpendaTenzi (Muscat):
Wakubwa, mniruhusu. Sisi Waislamu tukimsoma Dante kuna kanto (yaani sura ya shairi) ya 28 ya Jehanamu ambayo inauma, kwa jinsi alivyomweka Mtume wetu (SAW). Sifichi hilo. Lakini katika kitabu hicho hicho Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin wamewekwa mahali pa heshima, pasipo mateso. Na mwaka 1919 mwanazuoni Mhispania Miguel Asín Palacios alitoa hoja kwamba safari ya Dante ina deni kwa masimulizi ya Miiraji, safari ya Mtume kupanda mbinguni. Hoja hiyo inabishaniwa hadi leo, ila aliyelelewa na tenzi za Miiraji hawezi kusoma kupanda kwake mbingu moja baada ya nyingine akabaki vilevile.

Kwa sababu hiyo kura yangu ni Florence, na si kwa ile nyumba. Nenda jengo la ubatizo la San Giovanni, alikobatizwa. Darini kuna Jehanamu ya vipande vya mawe ya rangi, na shetani mkubwa anayetafuna watu. Mtoto aliyekua akiitazama ile aliibeba moyoni.

MamaWawili:
Ukiwa na watoto, Florence, kwa sababu katika ile nyumba ya makumbusho wanatumia picha za kompyuta na wangu hawakuchoka. Ukiwa peke yako, Ravenna. Mji mtulivu, hausukumwi na umati.

MkaaziWaFirenze:
@NahodhaWaLamu hapo kwa mifupa umenishinda, kaka. Kwetu, katika kanisa la Santa Croce, tuna kaburi lake kubwa la mwaka 1829, na ni tupu. Niongeze la haki tu: mwaka 2008 baraza la mji wa Florence lilipiga kura kuifuta hukumu yake.

BintiTanga:
Asanteni sana, nyote. Naenda Ravenna. Kile kisanduku kimenimaliza. Usafiri ukoje kutoka Bologna?

NahodhaWaLamu:
Treni ya kawaida ya mkoa, haina haja ya kuweka nafasi. Ukikata tiketi ya karatasi, igonge muhuri katika mashine kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini. Kutoka stesheni ni mwendo wa miguu. Jioni kaburini husomwa kanto moja kwa sauti, na wageni pia husoma, kwa hiyo usirudi kwa treni ya mapema. Saa yake hubadilika kwa majira, uliza makumbusho ukifika. Asubuhi anza na kanisa la kale la San Vitale na jengo la kaburi linaloitwa la Galla Placidia. La pili ni dogo, huingizwa watu wachache kwa zamu, kata nafasi mtandaoni sasa hivi.